Mota ipi inaumwa? Kusoma mtetemo wa droni kutoka dalili hadi chanzo

Mwongozo huu ni wa rubani au fundi wa droni hapa Uganda ambaye ndege yake inatetemeka na hajui aanze kufungua wapi. Droni inaweza kuwa ya kupima mashamba ya miwa Busoga, ya kupiga picha za harusi Kampala, au ya kubeba dawa. Mota zake ni za aina moja: hazina brashi, zina kikombe cha sumaku kinachozunguka nje ya koili, na kwa kawaida kila moja hushikiliwa na beringi mbili ndogo. Vitu vinavyoweza kuharibika humo si vingi. Kinachowapoteza watu ni kwamba vyote vinajitokeza kwa sura moja, mtetemo, na mtu akiuona tu anabadilisha propela, kisha mota, kisha ESC (kifaa kinachoongoza mwendo wa mota), hadi pesa inaisha na tatizo liko palepale.

Uzito wa jambo hili unategemea unarukia wapi. Mwaka 2021 Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza (IDI) ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza kupeleka dawa za ARV kwa droni katika visiwa vya Kalangala. Juu ya Ziwa Victoria huna pa kutua kwa dharura. Droni ya mota nne, kwa programu za kawaida, ikipoteza mota moja angani inaanguka, na rubani awe hodari vipi hana la kufanya. Ndiyo maana nauthamini mtetemo kuliko dalili nyingine zote: unatangulia. Beringi huanza kutetemesha kabla haijapata joto, na hupata joto kabla haijakwama.

Swali litakalotuongoza ni moja: mtetemo huu unafuata nini? Unafuata mwendo wa mota, unafuata propela, au umekaa pale pale hata ukibadilisha mwendo? Ukubwa wake tutauangalia, lakini ukubwa peke yake haukuambii ufungue skrubu ipi.

Kihisi unacho tayari

Kompyuta ya ndege, ile bodi inayoongoza mota zote, ina akselerometa, yaani kihisi cha mtikisiko, ndani yake. Kama unatumia ArduPilot, programu ya kuongozea ndege, kila safari inaandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Fungua faili hiyo kwa Mission Planner, programu yake ya kompyuta ya mezani, tafuta ujumbe unaoitwa VIBE, uchore VibeX, VibeY na VibeZ. Vipimo vyake ni mita kwa sekunde mraba. Chini ya 30 kwa kawaida ndege inaruka salama. Zaidi ya 30 shida inaweza kuanza, na ikizidi 60 karibu kila mara kushikilia kimo au mahali kunavurugika. Pembeni yake kuna Clip (matoleo ya zamani yana Clip0, Clip1 na Clip2), inayohesabu mara ngapi akselerometa imegonga ukomo wake. Namba hiyo ikipanda mfululizo safari nzima, usiruke tena hadi ujue kwa nini.

VIBE inakuambia kwamba kuna homa, haikuambii ugonjwa gani. Akselerometa iko katikati ya bodi na inapokea mitetemo ya mota zote nne kwa pamoja. Ili kuona frikwensi (idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupimwa kwa Hz), weka kigezo cha ArduPilot kiitwacho INS_LOG_BAT_MASK kuwa 1, ruka dakika chache ukiwa umetulia hewani, kisha tumia kitufe cha FFT cha Mission Planner. FFT inachukua mtetemo uliochanganyika na kuugawa katika vilele, kila kilele kwenye frikwensi yake. ESC zako zikiweza kurudisha taarifa za mwendo, kumbukumbu itakuwa pia na ujumbe wa ESC wenye RPM (mizunguko kwa dakika) ya kila mota. Hapo kazi imekuwa nyepesi sana, na kama unanunua ESC mpya ningekushauri usichukue zisizo na uwezo huo.

Njia ya pili ni kufunga kihisi cha nje kwenye mkono wa droni, karibu kabisa na mota unayoishuku. MPU6050 ni rahisi na imezoeleka na wanaochezea Arduino, lakini akselerometa yake inapitisha mitetemo hadi karibu 260 Hz tu. Inatosha kwa propela isiyo na usawa, haitoshi kwa beringi. ADXL345 inasoma hadi mara 3200 kwa sekunde, yaani inaona hadi 1600 Hz, mradi uiunganishe kwa SPI, njia ya haraka ya waya. Kwa njia nyingine, I2C ya 400 kHz, utaishia kusoma mara 800 kwa sekunde. Zote mbili zikiwashwa huanza na ukomo wa g 2 (g 1 ni mvuto wa dunia). Weka g 16 kabla ya lolote lingine, la sivyo mota yenye afya itaonekana mgonjwa.

Kabla hujalaumu mota, mhoji kihisi

Kosa linalonisumbua kuliko yote katika vipimo ninavyoletewa ni usomaji wa polepole. Chukua mota inayotetemeka kwa 180 Hz. Ukiisoma mara 200 kwa sekunde, grafu itakuonyesha kilele kwenye 20 Hz, mahali ambapo hakuna kitu. Fundi anaanza kutafuta kitu kinachotikisika mara 20 kwa sekunde, anakaza miguu ya droni, anakaza kamera, na kilele hakitoki kwa sababu hakipo. Kanuni ni kusoma angalau mara mbili ya frikwensi ya juu kabisa inayofika kwenye kihisi, na mimi napenda mara nne au zaidi. Njia ya haraka ya kukamata uongo huu: ongeza mwendo wa mota kidogo. Kilele cha kweli cha mota kinapanda. Kilele kikishuka mwendo unapopanda, unasoma polepole mno.

Grafu yenye vichwa vilivyokatwa bapa ina maana umegonga ukomo wa kihisi. Kipimo kinachobadilika kila ukigusa waya kina maana waya unapigapiga mkono wa droni, basi ufunge kwa tepu kila sentimita chache. Waya za I2C zikipita sambamba na zile tatu za mota zitaleta takataka za umeme, kwa hiyo zifupishe na uzipitishe upande wa pili. Kihisi kilichobandikwa kwa tepu ya sponji hakitaona beringi kamwe, maana sponji inakula frikwensi za juu. Bandika kwa supa gluu au kwa skrubu, moja kwa moja kwenye plastiki ngumu au kaboni.

Tafuta frikwensi ya mzunguko

Gawa RPM kwa 60. Mota inayozunguka mara 6000 kwa dakika ina frikwensi ya mzunguko ya 100 Hz, na hii ndiyo ninayoiita mara 1. Propela ya mabawa mawili inapiga hewa mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo kilele cha 200 Hz ni cha kawaida, hakikosekani hata kwenye droni mpya. Ikiwa na mabawa matatu, kitakuwa 300 Hz.

Hapa kwetu kuna jambo la mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa zaidi kidogo ya sehemu moja kwa kumi ukilinganisha na pwani, na propela inabidi izunguke haraka zaidi kwa takriban asilimia 6 ili ibebe uzito uleule. Ukipanda hadi Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, ni kama asilimia 10. Kwa hiyo mwenye kupewa vipimo na rafiki wa Mombasa asishangae vilele vyake vikikaa kwingine. Linganisha vipimo kwa RPM, usilinganishe kwa throto (kiasi cha nguvu unachoomba).

Na kabla ya kuugua, chukua rekodi ya siku ya afya. Funga droni kwenye meza nzito, au kwenye ubao uliokandamizwa na magunia ya mchanga, washa mota moja moja kwa mwendo uleule, kwanza bila propela kisha nayo, uhifadhi grafu. Ufungaji uwe uleule kila mara, maana meza ikibadilika hata grafu inabadilika. Majaribio ya propela yafanye ukiwa na miwani, umesimama nje ya mstari wa mabawa, na watoto wakiwa mbali. Kupima chini kuna faida nyingine: kuruka Uganda kunahitaji kibali cha UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na si busara kutumia muda wa kibali kutafuta beringi mbovu.

Dalili: kilele kimoja kirefu kwenye mara 1

Hii ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Kuna kitu kinachozunguka ambacho kimezidi uzito upande mmoja. Watu wanaidharau kwa sababu kasoro yenyewe haionekani kwa macho, basi tufanye hesabu. Chukua gramu 0.1, uzito wa punje nne au tano za mchele, uiweke kwenye bawa sentimita 10 kutoka katikati. Kwa 6000 RPM gramu hiyo inavuta mota kwa nguvu ya karibu nyutoni 4, sawa na kuning'iniza uzito wa gramu 400, na mvuto huo unageuka upande mara 100 kwa sekunde. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Hivi ndivyo wadudu wa ziwani walioganda kwenye bawa moja, au kipande kilichomeguka ncha, kinavyomaliza beringi nzima.

Chanzo kinaweza kuwa propela, kikombe cha sumaku au shafti iliyopinda. Wakamate kwa mpangilio huu.

Toa propela, endesha mota kwa RPM ileile. Mara 1 ikitoweka, propela ndiyo mbaya. Kama unataka uthibitisho zaidi, ihamishie kwenye mota nyingine inayozunguka upande uleule. Kwenye droni ya ArduPilot yenye mikono iliyopangwa kama X, mota 1 (mbele kulia) na 2 (nyuma kushoto) zinakwenda pamoja, na 3 na 4 vivyo hivyo. Kilele kikihama na propela, umemaliza uchunguzi. Propela ya plastiki yenye ufa itupe, usiibembeleze. Nzima lakini isiyo na usawa iweke kwenye mhimili mwembamba uliolala sawa, uone bawa lipi linashuka, kisha ubandike kipande kidogo cha selotepu upande wa nyuma wa bawa jepesi. Watu wengi wanasawazisha mabawa na kusahau kitovu. Ukisimamisha propela wima na ikaanguka daima upande mmoja, kitovu ndicho kizito.

Mara 1 ikibaki hata propela ikiwa imetolewa, geukia kikombe cha sumaku. Kitazame kwa jicho kwanza: sumaku iliyong'oka kidogo gundi yake hujitokeza kwa mwanya au kwa mkwaruzo kwenye chuma cha koili. Sumaku zikiwa sawa, kuna ufundi mmoja mdogo ninaoupenda. Chukua kamba ya plastiki ya kufungia waya, ile nyembamba kabisa, uikaze kuzunguka kikombe, ukate mkia. Kichwa chake ndicho uzito wako. Endesha, pima, simamisha, sogeza kichwa robo mzunguko, pima tena. Mahali pa kipimo cha chini kabisa ndipo upande mwepesi. Weka hapo kipande cha tepu ya chuma badala ya kamba, upunguze kidogo kidogo hadi kilele kilale. Kazi hii fanya bila propela na kwa mwendo wa wastani, kamba isije ikachomoka.

Shafti iliyopinda inajulikana kwa penseli. Ifunge penseli imara, ncha yake ikaribie kugusa shafti, kisha uzungushe mota kwa kidole. Mwanya ukipanuka na kufinyika, shafti imepinda. Usijaribu kuinyoosha.

Kuna ujanja mmoja wa kutenganisha propela na mota bila kubadilisha chochote: geuza propela nusu mzunguko juu ya mota ileile. Kilele kikibadilika sana, zote mbili zina kasoro, na kwa mkao mmoja zilikuwa zinaongezeana, kwa mwingine zinapunguziana. Ukipata mkao wa chini utajiona umepona. Hujapona, kasoro zote mbili bado zipo na propela ijayo itakurudisha mwanzo.

Dalili: ngazi ya vilele, mara 1, 2, 3, 4 na kuendelea

Kitu kimelegea. Skrubu za mota chini ya mkono, nati ya propela, au mkono wenyewe pale unapokunjwa. Wakati mwingine utaona hata kilele cha nusu mzunguko. Shika mota kwa vidole viwili uitikise ukisikiliza. Zikaze zote kwa msalaba, weka gundi ya kufungia skrubu ile ya nguvu ya wastani kwenye chuma kwa chuma, na usiiache iguse plastiki, inaipasua. Angalia pia skrubu zisiwe ndefu hadi zikagusa koili kutokea chini. Hiyo huanza na mtetemo na huishia na moshi.

Dalili: mota inasaga, na vilele havikai kwenye namba kamili

Hapa tunazungumza beringi, na hapa ndipo kihisi kizuri kinalipa gharama yake. Beringi yenye kidonda kwenye njia ya tufe zake hutoa pigo kila tufe linapopita. Kwa makadirio, kidonda kwenye pete ya nje hupiga kwa idadi ya tufe mara 0.4 ya mzunguko, na cha pete ya ndani kwa idadi ya tufe mara 0.6. Beringi ya tufe 7 kwenye 100 Hz itakupa karibu 280 Hz au 420 Hz. Namba hizo hazigawanyiki sawasawa na 100, na hiyo ndiyo alama yake. Zitafuate pia ukibadilisha mwendo: zinapanda pamoja na mota, lakini uwiano wake na mzunguko unabaki uleule.

Mwanzoni mapigo ni madogo na wastani wa mtetemo hausogei, kwa hiyo VIBE itaendelea kukuambia hali ni njema. Kuna kipimo kingine kinachoona ukali wa mapigo, kinaitwa kurtosisi, na programu nyingi za hesabu zinaweza kukitoa. Wimbi laini la mota isiyo na usawa lina 1.5, makelele ya kawaida yasiyo na mpangilio yana 3. Mapigo makali ya mara kwa mara huivuta juu ya hapo. Mimi nikiiona imepita 4 na haishuki, nafungua mota. Jambo la kujihadhari nalo: beringi ikioza kabisa mapigo yanakuwa mengi hadi yanaungana, na kurtosisi inarudi chini huku wastani ukipanda. Ndiyo maana viangalie vyote viwili kwa pamoja.

Bila kifaa chochote unaweza kuanza hivi. Toa propela, weka ncha ya bisibisi kwenye kitako cha mota na mpini wake kwenye sikio, zungusha kikombe kwa kidole. Beringi nzima ina ukimya. Mbovu inakwaruza, na mara nyingi utahisi mahali fulani kwenye mzunguko pana uzito.

Rubani mmoja wa Arua aliniletea mota akiwa na maneno machache tu: "Fundi, hii inasaga lakini inaruka vizuri." Ilikuwa kweli inaruka vizuri. Nilipotoa kibanio cha chini na kuvuta kikombe, beringi ya juu ilikuwa safi. Ya chini ilikuwa imejaa grisi iliyogeuka nyekundu, vumbi la maramu limechanganyika nayo hadi imekuwa nzito na ya kukwaruza. Kwenye sumaku kulikuwa na nywele nyeusi za chembe za chuma zimesimama, kwa sababu alikuwa anafanyia matengenezo jirani na karakana ya kuchomelea. Nilimuuliza anaondokea wapi, akasema barabarani tu, popote penye nafasi. Propela inaponyanyua droni inavuta vumbi juu na kulirudisha chini kupitia mota, na maramu yetu ni makali. Tandika turubai, au kipande cha ubao, kila unaporuka na kila unapotua. Sijui kinga nyingine ya bei ndogo inayorefusha maisha ya mota kuliko hiyo.

Kuhusu tiba: tone la mafuta ya cherehani linanyamazisha beringi, na wapo wanaoishia hapo. Sikubaliani nao. Kidonda kwenye chuma hakizibwi na mafuta, na ukimya huo unakunyima dalili uliyokuwa nayo. Badilisha beringi, zote mbili za mota hiyo. Namba yake imeandikwa pembeni. 693ZZ, kwa mfano, ina tundu la milimita 3, upana wa nje milimita 8 na unene milimita 4. Unapoisukuma ndani, kandamiza pete ya nje pekee. Ukiigonga kwa kupitia pete ya ndani, unaiharibu mpya kabla haijazunguka hata mara moja. Chembe za chuma kwenye sumaku zitoe kwa udongo laini wa kuchezea watoto au tepu, maana hewa ya kupulizia haiziondoi, inazihamisha tu.

Dalili: kilele hakisogei ukibadilisha mwendo

Mota haina hatia. Fremu ina frikwensi yake ya asili, na mota ikipita hapo inaiamsha. Gonga mkono wa droni kwa mpini wa bisibisi mota zikiwa zimezimwa na kihisi kikisoma: kilele kikitokea mahali palepale, umempata. Tafuta ufa kwenye kaboni, mguu uliolegea, mlingoti wa GPS, kamera iliyoshikiliwa na mpira uliochoka. Kukaza au kuongeza ugumu kunakipandisha kilele juu, mbali na mwendo unaotumia.

Dalili: mtetemo unakuja na kuondoka kama pumzi

Mota mbili zinazokaribiana mwendo, moja 100 Hz na nyingine 102, zitakutana na kuachana mara mbili kwa sekunde. Hilo ni la kawaida. Kinachohitaji kazi ni ukubwa wa zile mbili, kwa hiyo zipime moja moja.

Dalili: mota inashtuka ikianza, au inalia ghafla hewani na ndege inayumba

Sasa shuku umeme, na ujue kwamba kihisi chako kina mpaka. Mota ya koili 12 na sumaku 14 ina jozi 7 za sumaku, kwa hiyo frikwensi yake ya umeme ni mara 7 ya mzunguko. Koili moja ikiwa dhaifu, mtikisiko huja kwa mara mbili ya hiyo, yaani mara 14. Kwa 100 Hz ni 1400 Hz, ambayo ADXL345 inaiona kwa shida na MPU6050 haiioni kabisa. Tegemea vipimo vingine.

Chomoa mota kwenye ESC au ondoa solda. Unganisha waya mbili kati ya tatu, zungusha kikombe kwa mkono, utahisi kinakaza. Rudia kwa jozi nyingine mbili. Jozi zote tatu zinapaswa kukaza sawa. Jozi isiyokaza ina koili iliyokatika au kiungo kibovu, na zinazokaza bila usawa zina koili iliyoungua kiasi. Zikiwa sawa zote, hamishia mota hiyo kwenye ESC nyingine. Shida ikibaki na ESC ya kwanza, kagua solda zake kwa kioo cha kukuza: solda baridi huwa na rangi ya kijivu iliyofifia na chembechembe.

Kumbukumbu ya safari inasaidia hapa. Chora RCOU C1 hadi C4, yaani nguvu inayoombwa kwa kila mota. Mota moja peke yake ikiwa juu daima, inaombwa nguvu zaidi kwa sababu haitoi inayotakiwa. Mbili za upande mmoja zikiwa juu, uzito umekaa vibaya, labda betri. Mbili zinazozunguka upande uleule, 1 na 2 au 3 na 4, zikiwa juu pamoja, kuna mota iliyoinama kwenye mkono wake na ndege inapigana isijizungushe.

Dalili: droni inapanda yenyewe ukiwa kwenye AltHold au Loiter

AltHold na Loiter ni hali ambazo kompyuta yenyewe hushikilia kimo. Hii ni dharura. Mtetemo umeichanganya akselerometa hadi kompyuta inaamini ndege inashuka, na inaongeza nguvu. Badili hadi Stabilize, hali isiyoshikilia kimo, shika throto mwenyewe, ushuke taratibu. Ukifika chini fungua VIBE na Clip kabla ya kuruka tena.

Kuhusu kichujio

ArduPilot ina kichujio kinachofuata mwendo wa mota na kukata vilele vyake, kinawashwa kwa INS_HNTCH_ENABLE. Ni kizuri na ninakiweka kwenye kila ndege, lakini baada ya matengenezo. Kinachosafishwa ni taarifa inayokwenda kwa kompyuta. Beringi inaendelea kupigwa vilevile, na mkono wa kaboni unaendelea kuchoka vilevile. Anayekuwekea kichujio kwenye mota inayosaga amekuondolea king'ora. Unapochunguza, hakikisha data unayoisoma imechukuliwa kabla ya kichujio. INS_LOG_BAT_OPT ndiyo inayochagua.

Baada ya matengenezo

Rudia kipimo cha mezani kwa RPM ileile na ufungaji uleule, uweke grafu mpya juu ya ile ya siku ya afya. Kilele ulichokishughulikia kiwe kimeshuka, na pasiwe na kipya. Kisha ruka chini chini, juu ya nyasi au turubai, dakika mbili tatu, utue, uguse kila mota kwa kidole. Iliyo moto kuliko wenzake irudi mezani, hata kama grafu yake ni nzuri. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono wa droni tarehe na namba ya beringi uliyoweka, ili fundi atakayeifungua baada yako ajue ipi ni mpya na ipi imezeeka.